Dawa ya Rangi Mbili

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, nilirudi Butiama likizo nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na vichupa vyangu vya kuchukulia udongo. Nilichimba kwenye muhogo wa mama kama mtu aliyeahidiwa dhahabu ya Buhemba. Nilijiona sana.

Mama, aliyekuwa anapeta mtama, aliniuliza natafuta nini. Nikazipanga punje mstari mmoja kwenye ungo wake. Nikamwambia hizi ni jeni, maagizo ya urithi ndani ya bakteria wa udongo. Zinakaa jirani jirani, kila moja na kazi yake katika kutengeneza dawa. Ya pembeni kabisa humkinga bakteria asife kwa dawa hiyo, ambayo ni sumu yake mwenyewe. Akauliza kama vile vidonge vya rangi mbili navyo asili yake ni udongo. Nikasema ndiyo, na kwa kuwa msomi hakosi la kuongeza, nikaongeza kwamba ile jeni ya kinga huweza kuhamia kwa vijidudu vya magonjwa. Mgonjwa asiyemaliza dozi, nikasema, huua vile dhaifu tu na kuviachia vyenye kinga nafasi ya kuzaana.

Mama akaacha kupeta.

Wakati wa uhaba wa dawa, kaka yangu aliugua vichomi. Baba alihangaika Musoma yote, akabahatika kupata dozi moja kwa mtu wa mtaa wa Iringo. Kabla haijaisha, nami nikalala kwa ugonjwa uleule. Kwetu hata furu mmoja, kisamaki kile cha ziwani, haliwi na mtoto mmoja. Kula peke yako ni uchoyo. Basi mama akawa anafungua kidonge na kugawa ule unga kwenye uji wa vikombe viwili. Mimi nilipona. Kaka tulimzika.

Habari hiyo niliijua tangu utotoni. Sijui nilikuwa nimeiweka wapi siku ile, nikimhubiria yeye.

"Kwa hiyo ni mimi," mama alisema.

Nikababaika. Nikasema huenda dawa isingemfaa hata angeimaliza, na hilo ni kweli, ila lilitoka mdomoni kama uongo.

"Nilikuwaga nagawa sawa, sikupendelea mtu," akasema. "Sasa wewe uliyesoma, niambie. Ningempa nani?"

Jibu nililijua. Dawa ilikuwa ya kaka. Nilishindwa kulitamka, maana nilikuwa nimekaa mbele yake, mzima.