Sauti Nyembamba ya Dhahabu Ndogo

Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi uliotoweka kabla ya saa tatu, kisha likaja jua kavu lisilo na upepo. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku ishirini na mbili.

Siku hiyo Bwana Unga aliamka na jambo moja tu kichwani: kuirudisha mashine ya kutafutia dhahabu dukani alikoinunua. Dhamana ilikuwa ya siku thelathini, na siku ya thelathini ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Aliketi sebuleni kwenye kigoda, akaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kipande baada ya kipande: fimbo, sahani nyeusi inayopita juu ya ardhi, kisanduku cha betri, hedifoni. Kila kimoja akakirudisha kwenye shimo lake la sponji ndani ya boksi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu kwa mtu mpole ni mzigo mzito kuliko hasira.

Jina la Unga hakupewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na nane aliendesha mtambo wa kusaga nafaka karibu na kituo cha magari, na kila jioni alitoka mle ndani na nyusi nyeupe, kama mtu aliyezeeka tangu asubuhi. Kazi aliijua. Hakuwa na haja ya kuugusa unga. Mtetemo wa sakafu chini ya nyayo zake ulimwambia kama mtambo umekazwa sawasawa au umelegea. Wateja walimpigia kelele, naye aliwatazama midomo, akatikisa kichwa, na mara chache sana alimpa mtu gunia la mwenzake. Watu walimpenda. Kasoro yake moja, walisema, ni kwamba mizaha aliicheka akiwa amechelewa, wenzake wameshafika kwenye habari nyingine.

Mtambo huo ndio uliouzwa ili mashine ya dhahabu inunuliwe. Haukuwa wake peke yake. Nusu ilikuwa ya mkewe, na alipoombwa idhini mama huyo alifikiri siku mbili nzima, halafu akasema, "Uza. Miguu yako imechoka kusimama. Lakini usije ukaniambia dhahabu imeisha siku ulipofika wewe."

Na hilo ndilo lililokuwa likimtia aibu. Kwa mwezi mzima hakuwa ameokota hata chembe.

Shemeji yake, yaani mdogo wa mkewe, alikuwa na mashine ya zamani iliyofungwa shingoni kwa mpira wa baiskeli. Walifanya kazi kwenye kijito kimoja kikavu, ila mbalimbali, mmoja juu na mwingine chini, kwa sababu mashine mbili zikikaribiana hupigiana kelele kama wake wenza. Kila alasiri shemeji alirudi na chembe mbili tatu ndani ya kichupa cha dawa. Bwana Unga alirudi na misumari, vifuniko vya chupa, kipande cha jembe, na siku moja kitasa kizima.

"Misumari unayo, kitasa unacho," shemeji alimwambia. "Umebakiza mlango tu shemeji, ujenge."

Mitaa miwili ilicheka. Bwana Unga alicheka pia, mwishoni.

Si kwamba alikaa tu akajikunyata. Kwanza aliulaumu udongo, maana ule mwekundu una kutu ndani yake na huzichanganya mashine. Akajifunza kuiinua na kuishusha sahani mpaka itulie. Akailaumu simu, akawa anaiacha nyumbani. Akavilaumu viatu vyake vya kazi vyenye chuma mbele, akaenda na ndala, akajigonga kidole gumba akachechemea siku nne. Kisha akasikia kwamba mchanga mweusi huingia kati ya sahani na kifuniko chake ukaifanya mashine ilie ovyo. Alipokifungua alikuta mchanga wa vijiko viwili. Akaosha, akakausha, akafunga. Toka hapo mashine ikawa tulivu, tena tulivu mno, kama mgeni aliyekosewa adabu.

Karatasi ya dhamana ilitaka maelezo ya fundi kuhusu ubovu wenyewe, na muhuri wake. "Twende kwa Mama Waya," mkewe akasema. "Yule hata mteja wake hamdanganyi."

Mama Waya alikuwa fundi wa redio, mwenye miwani iliyofungwa uzi na waya kila mara shingoni. Kibanda chake kilinuka risasi ya kuchomelea. Redio zilizokufa zilijaa rafu tatu, na kwenye benchi palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kungoja pasi yake. Bwana Unga aliweka boksi mezani. Mkewe akasimama kando yake. Shemeji naye alikuwepo. Alisema amekuja kusindikiza jeneza.

"Ugonjwa wake nini, kaka?" Mama Waya akauliza.

"Haisikii," Bwana Unga akasema. "Chuma kikubwa inakisikia. Dhahabu ndogo haisikii kabisa."

Mama Waya aliiunga, akavaa hedifoni, akabandika kipande cha risasi ya kuchomelea kwa mfano wa dhahabu, kidogo kama punje ya mtama, kwenye ukanda wa kadibodi. Akakipitisha mbele ya sahani. Akakikata nusu, akapitisha tena. Kisha akamvisha Bwana Unga zile hedifoni na kusema kwa sauti kubwa, "Unasikia?"

"Kimya."

Akapitisha nati ya baiskeli. "Na hapa?"

"Hapo ndiyo. Inaguna."

Mama Waya akachomoa hedifoni, akachomeka spika ndogo ya redio, akaomba watu watulie. Kadibodi ikapita. Mwanamke wa pasi aliinua kichwa. Mkewe Bwana Unga akageuka. Shemeji akatia kidole sikioni.

"Mnaona?" Bwana Unga akasema kwa upole. "Niliwaambia. Kimya kabisa."

Mama Waya akapitisha kadibodi tena, polepole, kwenda na kurudi. Bwana Unga akawatazama. Kila ilipopita, kope za watu wanne zilicheza kwa pamoja. Ikapita, zikacheza. Ikapita, zikacheza. Akaelewa kwa kusoma nyuso, kama alivyoelewa mambo mengi kwa miaka mingi bila kujua kwamba anasoma.

"Mashine nzima, kaka," Mama Waya akasema, akimgeukia ili amwone mdomo. "Kitu kikubwa kinalia kwa sauti nene. Kidogo kinalia kwa sauti nyembamba. Hiyo nyembamba wewe huna. Mtambo wa kusaga umeila."

Alijaribu kumsaidia. Alizungusha kitufe cha kuufanya mlio uwe mnene mpaka mwisho, na Bwana Unga akaipata ile risasi kwa mbali sana, kama mbu aliye chumba cha pili. Ilipokatwa nusu, akaipoteza.

"Karatasi yako siwezi kuijaza," Mama Waya akaongeza. "Nikiandika imeharibika, dukani wataipima dakika moja tu. Mimi nitaonekana mwongo na wewe mjinga."

Shemeji alikuwa ametazama chini. Mwishowe akasema, "Kumbe mizaha yangu yote hukuisikia, shemeji."

"Niliisikia," Bwana Unga akasema. "Haikuchekesha."

Mwanamke wa pasi ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakamfuata, na safari hii Bwana Unga hakuchelewa.

Walirudi nyumbani kwa mguu, yeye na boksi begani, mkewe na hedifoni mkononi. Walipita duka la vifaa vya ujenzi. Walipofika kwenye kona ya shule, mkewe akamshika mkono asimame, akamwangalia usoni.

"Miaka kumi nakwambia husikii."

"Nilidhani unasema mimi mbishi."

"Ndivyo nilivyokuwa nasema." Akafikiri kidogo. "Kumbe nilikuwa nagombana na mtambo."

Bwana Unga alihamisha boksi kwenda bega la pili. "Mama, nisamehe. Niliuza kitu chako nikanunua kitu nisichoweza kukitumia. Nitampa shemeji afanye nayo kazi, atakachopata tugawane."

"Ndugu yangu ana masikio mangapi?"

"Mawili."

"Na mimi je?"

Bwana Unga aliliteremsha boksi begani. Ni kweli kwamba katika hesabu zake zote za mwezi ule, za udongo, za simu, za viatu, hakuwahi kufikiria kumpa mtu mwingine asikilize. Hedifoni zilikuwa kichwani kwake, kwa hiyo alichosikia yeye aliamini ndicho kilichopo.

Saa tisa alasiri walikuwa kijitoni, mahali Bwana Unga alipokwisha kupapita si chini ya mara sita. Mashimo yake mwenyewe yalikuwa bado wazi. Mkewe alivaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akaishika fimbo, akaanza kuirusha sahani kama anayefukuza kuku.

"Chini," Bwana Unga akamwelekeza kwa mkono. "Ipanguse ardhi. Kama unapiga deki, usiruke pembe."

"Deki unanifundisha wewe?"

Lakini alishusha. Alikwenda hatua fupi, mumewe akimfuata nyuma na sururu, akiangalia kwamba mistari inapandana. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba mwezi mzima haukupotea bure: mwendo wa sahani alikuwa ameujua, utulivu wa udongo alikuwa ameujua, kilichokosekana ni sikio. Mara ya kwanza mkewe aliposimama walichimbua kipande cha waya. Mara ya pili, karatasi ya sigara ya kung'aa. Mara ya tatu aliinama kidogo, akairudisha sahani nyuma, akaipeleka mbele.

"Kuna kitu kinalia kama kifaranga."

"Wapi?"

"Hapo. Kando ya shimo lako."

Kilikuwa shubiri moja kutoka kwenye tundu Bwana Unga alimotoa kitasa. Alichimba kwa ncha ya sururu, kisha kwa vidole, akatandaza udongo kiganjani, mkewe akaupitisha mbele ya sahani, wakapunguza nusu, wakapitisha, wakapunguza tena. Mwisho ikabaki chembe moja ya manjano, ndogo kuliko punje ya dengu, nzito kuliko ilivyoonekana. Bwana Unga aliilaza kwenye ukucha wa mkewe. Waliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Haijaisha," mkewe akasema.

Walipumzika ukingoni wakanywa maji. Bwana Unga akamuuliza, kwa namna ya mtu anayepima, kama ndege wa juu ya paa bado wapo.

"Ndege gani?"

"Wale wadogo wa alfajiri. Nilidhani walikimbia tulipoezeka bati jipya."

"Wapo kila siku," mkewe akasema. "Wananikera."

Bwana Unga alitikisa kichwa. Ilimgusa, lakini haikumwumiza kama alivyotarajia. Ndege kumbe hawakumkimbia. Akauliza wanaanza saa ngapi, naye akamwambia, na wakaendelea na kazi mpaka jua lilipoanza kulala upande wa pili wa kijito. Walipata chembe nyingine moja, na misumari mitatu.

Kesho yake, Ijumaa, basi la saa mbili la kwenda dukani liliondoka bila yeye. Saa hiyo Bwana Unga alikuwa amepiga magoti uani, akiifupisha fimbo ya mashine kwa matundu mawili na kuupunguza mkanda, mkewe amesimama wima mbele yake, mkono ameunyoosha kama anapimwa na fundi cherehani. Alimwambia akunje kiwiko, akaupunguza mkanda tena kidogo. Iliposhika sawa, alichukua sururu na dumu la maji, akafungua mlango wa uani, akamwachia mkewe atangulie.