Samaki wa Mistari wa Epifania

Baba yangu, Anatoli Mihayo, hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nitakayoyasema yanaweza kumfanya msomaji amchukie, na mimi binti yake Zipora sipendi achukiwe.

Alifanya kazi miaka kumi na miwili katika maabara ya hospitali moja ya misheni, upande wa Ushirombo. Alikuwa amemaliza darasa la nane, jambo kubwa kwa wakati wake. Hadubini ya pale ilikuwa moja tu, na hakuna aliyeigusa ila yeye. Alipima damu za malaria, mikojo ya kichocho, makohozi ya kifua kikuu. Wagonjwa walimwita daktari, naye hakuwasahihisha.

Mwaka 1973 alimwombea kazi pale shemeji yake Epifania, mdogo wa mama yangu. Epifania aliishia darasa la nne. Akapewa kufagia maabara na kuosha vioo. Baba alimfundisha kutofautisha chupa, na alipenda kuwaambia wageni kwamba bila yeye msichana yule angekuwa bado anamenya mihogo kijijini.

Miaka miwili baadaye akaja Daktari Januari Masele, kijana mwembamba aliyekuwa ametoka masomoni Ulaya. Watu walikuwa wametoka kwenye njaa. Karanga za msimu ule zilinyeshewa, zikaingizwa ghalani hazijakauka, zikaota ukungu wa kijani. Zililiwa hivyo hivyo. Nani angetupa chakula baada ya mwaka kama ule? Ndipo wodini wakaanza kuletwa watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyojaa maji. Wengi walisema wamerogwa. Daktari alishuku zile karanga, lakini hakuwa na ushahidi.

Akaagiza samaki. Walifika Mwanza kwa ndege, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa maji na hewa, kisha wakaja kwa Landrova hadi kwetu: samaki thelathini, wembamba kama kidole cha mtoto, wenye mistari ya buluu ubavuni kama punda milia.

"Ini la samaki huyu linaugua kwa njia zinazofanana na letu," Daktari alimweleza baba. "Na kitoto chake kikianguliwa, mwili wake unapitisha mwanga. Unakiweka chini ya hadubini kikiwa hai, unaliona ini lenyewe. Ini lenye afya ni angavu. Likipigwa na sumu, linaingia giza."

Baba alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Samaki walikuwa wake.

Lakini mwezi mzima ulipita bila kitoto hata kimoja. Baba alibadilisha maji, akabadilisha chakula, akasema labda wote ni madume. Siku moja Daktari Masele alipoingia, Epifania, ufagio mkononi, akamwambia, "Daktari, hawa wanataga asubuhi, jua likiingia pale dirishani. Halafu wanageuka wanayala mayai yao."

"Umeona wewe mwenyewe?"

"Kila siku nikifagia. Tukiweka changarawe chini, mayai yatadondokea katikati ya mawe, hawatayafikia."

Alichota changarawe mtoni, akaziosha, akazichemsha. Baada ya juma moja mayai yalikuwa mamia, mfano wa chembe za kioo. Daktari alicheka kwa furaha. "Kuanzia leo samaki ni wa Epifania," akasema. Kisha akamkalisha kwenye hadubini.

Baba aliniambia kwamba yote yale angeyavumilia, isipokuwa kiti. Kile kiti cha maabara kilikuwa cha kuzungusha, unakipandisha au kukishusha. Kwa miaka kumi na miwili kilikuwa kwenye kimo chake. Sasa kila asubuhi alikikuta kimeshushwa, kimemfaa mtu mfupi. Alikipandisha. Kesho yake kiko chini tena.

Na nyumbani hakukuwa na pa kupumzikia. Mama alimsifu mdogo wake kutwa. "Baba Zipora, Epifania ameuona moyo wa samaki ukidunda!" Baba alinawa mikono, akauacha ugali na mlenda wake mezani. Alianza kumwona Epifania kila mahali: namna alivyojifunga kitambaa kichwani, namna alivyotamka majina ya dawa bila kukosea, namna Daktari alivyompita yeye mlangoni na kuita, "Epifania, njoo uone."

Jaribio lenyewe likapangwa. Vitoto viligawanywa katika visahani kumi na viwili. Sita vilitiwa matone ya maji yaliyokamuliwa kutoka karanga za ukungu, sita matone ya karanga safi. Kila kisahani kilibandikwa plasta yenye herufi ya kuonyesha upande wake. Ilibidi kungoja siku tano. Siku ya tatu Epifania akapata msiba Kagongwa.

"Shemeji, naomba uniangalizie," alimwambia baba. "Usiviguse. Vifunike tu jua likizidi."

Usiviguse! Mfagiaji anamwambia yeye asiguse, ndani ya maabara yake. Alikaa peke yake mchana ule na neno hilo. Kisha akabandua plasta tatu za upande huu na tatu za upande ule, akazibadilisha nafasi. Hakutaka mtu aumie. Alitaka tu kazi ya Epifania ionekane ya ovyo.

Ilionekana ya ovyo. Siku ya tano, Epifania akiwa amerudi msibani, Daktari alichungulia kisahani hiki na kile. Maini yenye giza yalikuwa pande zote mbili, na angavu vilevile.

"Epifania, ulichanganya?"

"Sikuchanganya, Daktari."

"Basi si karanga."

Epifania hakulia. Alitazama visahani, akamtazama baba, akaenda kuosha vioo. Baba alikiri kwangu kwamba mchana ule alikula vizuri kuliko siku zote za mwaka ule.

Kesho yake saa nne alipita jikoni mwa hospitali kuomba maji ya moto. Mpishi, Mbuke, alikuwa anafungua gunia. Yalikuwa magunia ya waumini, yaliyotolewa kwa ajili ya wagonjwa, ambayo Daktari alikuwa ameyafungia stoo tangu alipoanza kuyashuku. Kinu kilikuwa tayari.

"Unatwanga nini, Mama?"

"Karanga za uji wa watoto. Daktari amesema hazina neno."

Baba alitazama vile vikombe vya bati vilivyopangwa. Akajikuta ameukamata mchi. "Usitwange."

"Baba Zipora, una wazimu?"

"Usitwange, nakuomba. Nakwenda kumwita."

Alimkuta Daktari maabara, Epifania yupo. Alisema akiwa amesimama mlangoni, mbele ya wote wawili, bila kuzunguka. "Plasta nilizibadilisha mimi. Yeye hakukosea kitu."

"Kwa nini?" Daktari aliuliza.

Baba alikitazama kile kiti cha kuzungusha, kimeshushwa.

Alinyang'anywa ufunguo wa maabara siku hiyo hiyo, akapelekwa kuandikisha wagonjwa mapokezi. Jaribio lilirudiwa mara mbili, na mara zote mbili giza liliingia kwenye maini ya upande wa ukungu peke yake. Daktari na bwana shamba walizunguka vijijini wakiwafundisha watu kuanika karanga kwenye mikeka na kutenga zilizoharibika. Wagonjwa walipungua. Waliokwisha kuvimba, wengi hawakupona.

Mwaka 1977 Epifania alipelekwa Mwanza kusomea maabara. Kabla ya kuondoka alimwomba Daktari samaki waachiwe baba. Mama alilia kwa furaha, akaona ndugu wamepatana. Baba alikuwa na maoni yake. "Angenichukia ningepumzika," aliniambia. Aliwalisha samaki wale miaka mitatu, asubuhi na jioni, hadi wa mwisho alipokufa, na hakumkosesha hata mmoja chakula.

Epifania akaja kuwa mkubwa wa maabara Shinyanga mjini. Alipokuja kutusalimia, alipiga goti kama zamani. "Shikamoo, shemeji." Baba aliitikia marahaba, akamuuliza habari za safari, akamsogezea kiti. Nami nilimwona akiiangalia saa ya mkononi ya mama mdogo, na kalamu mbili mfukoni mwake, akashindwa kuondoa macho.