Jina Alilozikwa Nalo Rachidi

Kwa miaka ishirini na zaidi, Sikujua, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, hakutaka kukanyaga Kabonga, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Mumewe Rachidi, mwanajeshi, alifia huko wakati wa vita. Mtu alitumwa kutoka jeshini kumpa pole, akasema marehemu amefia kazini, basi. Kaburi hakuonyeshwa. Kilichomfikia baadaye ni maneno ya watu, kwamba Rachidi alikuwa amepanga kwa mwanamke fulani kule. Tena mwenyewe aliwahi kusema amehamishiwa "deziemu biro", na majirani walicheka sana, maana mitaani deziemu biro ni hawara. Sikujua akawa anamlilia mumewe huku amemnunia, na vyote viwili havikuisha.

Mwaka jana binti yao, Shadia, alijifungua mtoto wa kiume akataka kumpa jina la Rachidi.

"Mama, huyu mutoto akiuliza babu yake alikuwa nani, nitamwambia nini?"

Siku chache baadaye Sikujua alisafiri hadi Kabezi, kwa Lameki, aliyekuwa jeshini pamoja na mumewe na sasa analima mihogo. Walipomaliza kusalimiana alimuuliza waziwazi kuhusu yule mwanamke. Lameki alimtazama kwa huruma.

"Mama Shadia, deziemu biro ni ofisi ya upelelezi ya jeshi. Rachidi alikuwa anasikiliza redio za waasi. Sisi wengine Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni tu. Yeye akisikia mutu amesema maneno mawili, anajua huyu ni wa Uvira, huyu wa Kigoma. Kisha wakamutuma Kabonga ajifanye mununuzi wa samaki, hawa ndagala wadogo, aangalie mitumbwi gani inavusha silaha. Alikatazwa kukuambia."

"Nani alimuua?"

"Waasi walimutambua. Zaidi ya pale sijui, na sitakudanganya."

Sikujua alishukuru, akaondoka na hasira ambayo sasa haikuwa na wa kumwangukia.

Kisha alikwenda Kabonga, akawauliza wanawake waliokuwa wakianika ndagala mchangani juu ya mnunuzi aliyeuawa wakati wa vita, nao wakamwelekeza kwa Agneta, mjane mzee.

"Unamutafuta Zabroni," Agneta alisema. "Alikuwa mupangaji wetu, mimi na mume wangu."

Alimpeleka nyuma ya michikichi, penye msalaba wa mbao ulioandikwa Zabroni. Sikujua aligusa herufi za jina lile. Agneta akamshika mkono.

"Alituambia yeye ni Mukristo. Lakini asubuhi nilikuwa ninamuona anatawadha nyuma ya mitumbwi, anageuka kuangalia kama iko mutu. Sikumuuliza. Siku ya kumuzika kila mutu alikuwa na woga, msalaba ulikuwa lazima ili tusiulizwe. Ila mume wangu alimulaza kwa ubavu, uso kaskazini, vile tulikuwa tunaona Waislamu wanafanya."

Sikujua aliketi kwenye nyasi, akaweka kiganja juu ya udongo. Alilia bila sauti, kilio cha mke, kile alichojinyima tangu ujana.

"Alikuwa anazungumza juu yetu?" aliuliza mwishowe.

"Hapana. Kwao hakupataja hata siku moja. Ila siku moja aliangalia gauni langu, akasema, 'Hii imeshonwa vibaya. Mimi ninajua mutu angekushonea muzuri.' Kisha akatoka inje, akakaa kule peke yake."

Sikujua alimwomba arudie maneno yale. Agneta akayarudia, taratibu.

"Jina lake la kweli ni nani?" Agneta naye aliuliza.

"Rachidi."

"Rachidi," mzee alisema, kama anayejaribu kulizoea. "Murakoze, asante kuniambia."

Waliporudi nyumbani kwa Agneta, Sikujua aliomba kuonyeshwa chumba alichopanga Rachidi. Sasa kilikuwa stoo ya nyavu kuukuu, na dirisha lake dogo lilitazama ziwa. Aliketi chini katikati ya nyavu, akijaribu kukisia kitanda kilikaa upande gani na kichwa kililala wapi. Agneta alipomwita chakula kiko tayari, aliomba aachwe kidogo zaidi.