Tangazo Langoni kwa Bibi Velika

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2014, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, tangazo la kifo lilibandikwa kwenye lango la Bibi Velika. Lilipangwa kubanduliwa saa saba kamili mchana. Saa kumi na dakika tano lilikuwa bado pale, na Bibi Velika, ambaye hakutarajiwa kurudi kutoka kwenye matibabu ya chemchemi za maji moto hadi Alhamisi, alikuwa amesimama mbele yake na mkoba wake mkononi. Bomba la chemchemi lilikuwa limepasuka, wagonjwa wote wakarudishwa makwao.

Tangazo lilikuwa na picha ya mvulana asiyemjua, na chini yake jina la mwanawe: Stamen, miaka kumi na saba.

Binti wa Bibi Velika, Tsonka, alikuwa mkutubi wa mji huo mdogo chini ya milima ya Balkani. Miaka kumi na minane nyuma, mashua ya kaka yake Stamen ilionekana tupu katikati ya bwawa. Yeye mwenyewe hakuonekana tena. Mama alikataza tangazo la kifo lisibandikwe popote. Kwa ajili ya mama, Tsonka aliandika riwaya ya vijana, akimsomea sura moja kila Jumapili; kila walipoimaliza waliianza upya. Humo Stamen alivuka milima kwa miguu hadi Ugiriki, akaishi. Vijana waliiazima hadi jalada likaachia, wakisema inafaa kuwa filamu.

Watu wa filamu walikuja kutoka Sofia, wakaipenda, ila mwisho wake hawakuutaka.

"Kijana hamlilii mtu aliyepotea," mwongozaji alimweleza. "Humlilia aliyekufa."

Tsonka alitia sahihi. Alichoomba ni kimoja tu: lango lao lenye tangazo lipigwe picha mama akiwa hayupo, asije akajua.

Sasa, aliposikia mama amerudi, alifika mbio kutoka maktaba, akamkuta Gancho, fundi seremala aliyeajiriwa na wageni hao, ameketi ukingoni mwa barabara; mama alikuwa ameshaingia ndani.

"Kaka Gancho, tulikubaliana saa saba."

"Tulikubaliana, dada. Nimelisogelea mara tatu na kisu mkononi, mkono ukagoma. Umewahi kumwona nani hapa akibandua tangazo la marehemu? Hata walevi wetu hawathubutu. Huachiwa mvua."

"Hili ni la filamu."

"Basi ungemwita yule bosi wako wa Sofia alibandue. Yeye hatazikwa hapa."

Tsonka pia alikuwa amepita hapo saa sita, akaliona, akainamisha kichwa kama wafanyavyo wote, akaenda zake.

Ndani, jirani yao Kera alikuwa amemshika mama mkono. Alikuwa ametoka shambani kuvuna zabibu na habari za filamu hakuzisikia.

"Mungu amsamehe, Velika," alikuwa akisema. "Afadhali wamempata. Sasa utalala."

"Shangazi Kera, hawajampata," Tsonka alisema. "Ni filamu."

Kera aliuachia mkono ule polepole, akajifunga kitambaa chake upya, akatoka bila kuaga.

"Maneno ya pale langoni umeyaandika wewe?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Na ruhusa?"

"Niliitoa mimi."

"Kwenye kitabu yu hai."

"Ndiyo, kwenye kitabu."

"Wewe ulipokuwa ukiandika, uliamini?"

Tsonka alifungua kinywa. Alitafuta sentensi iliyo kweli na isiyoumiza, kama alivyozoea kuitafuta mezani kwake, lakini safari hii mama hakumsubiri.

"Basi. Nimekusikia." Alivua koti, akalikunja mara mbili. "Usilibandue. Kera ameshamwombea, siwezi kumrudishia dua yake. Nitolee kitambaa cheusi, kile cha msiba wa baba yako."

Tsonka alikitoa. Jumapili iliyofuata hakuna aliyemsomea mwenzake kitu.

Mwaka mmoja baadaye filamu ilionyeshwa katika majumba ya sinema kumi na moja. Onyesho la lango halikuwamo. Mhariri alilikata kwa sababu filamu ilikuwa ndefu mno.