Zulia Lililooga Kabla ya Sala

Zulia lilifika nyumbani kwetu, mtaa wa Izia mjini Sumbawanga, kwa bajaji, limeviringishwa na kutokeza nje pande zote mbili, mama amelikumbatia katikati kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Alilinunua mtaa wa Majengo, karibu na pale anapouza unga. Ni la kahawia, lina maua meupe pembeni. Tulipolitandaza kwenye sakafu ya sementi, mama alivua kandambili, akasimama katikati, akacheka peke yake. Baada ya hapo hakusimama tena pale kwa muda mrefu, na sababu ilikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Hakuna aliyenifundisha kutunza zulia, nilijifunza mwenyewe kwenye simu, usiku na mchana, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Wiki ya kwanza lilitoa manyoya. Kila nilipofagia nilipata vidonge vya nyuzi, nikaamini nimeliharibu. Nikaacha fagio, nikawa naokota kwa vidole na kuficha vile vidonge kwenye kopo tupu la siagi chini ya kitanda. Baadaye ndipo nikajua kwamba zulia jipya hufanya hivyo mwanzoni, halafu huacha. Lakini kopo sikulitupa.

Nikaweka sheria. Viatu mlangoni, hilo kila mtu analijua. Lakini mimi nilitaka na miguu ifutwe. Chai inywewe jikoni. Kikimwagika kitu, kikandamizwe kwa kitambaa kikavu, kisisuguliwe. Chini ya miguu ya makochi niliweka vizibo vya soda ili yasiache mashimo. Mama hakubishana nami. Alianza tu kupita kandokando ya ukuta akienda chumbani kwake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mimi nikaona ni utii mzuri.

Kisha ikafika zamu yetu ya jumuiya. Majirani wa kanisani husali nyumba kwa nyumba, Jumamosi alfajiri, na mwezi wa saba alfajiri ya Sumbawanga inauma hadi kwenye meno. Mama aliitaja zamu hiyo wiki nzima. Mimi niliwaza miguu ya watu ishirini, magaga, matope ya bombani, watoto. Ijumaa mchana, mama akiwa Majengo, nilitoa zulia nje, nikalimwagia ndoo nne za maji na sabuni ya unga, nikalianika kwenye seng'enge. Halikuwa chafu. Nilijua vizuri kwamba halitakauka hadi asubuhi. Mama aliporudi nilimwambia nimelifua ili lipendeze kwa wageni. Alilishika upindo, maji yakamchuruzika mkononi, akaingia kupika.

Asubuhi walikuja wamejifunika mashuka na makoti. Bibi mmoja, jirani yetu anayetembea kwa fimbo, alisimama kwenye seng'enge akalitazama zulia likidondosha matone. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Naona kapeti limewahi kuoga. Sisi tumenawa nyuso tu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, vibaya. Ndani walitandika khanga juu ya sementi na kupiga magoti. Mama alikunja kitenge chake mara nne, nikadhani anajiwekea mwenyewe. Akakisukuma chini ya magoti ya yule bibi, yeye akapiga magoti kwenye sementi tupu. Sala ilikuwa ndefu. Sikumbuki neno hata moja, nakumbuka visigino vya mama vilivyopauka kwa baridi.

Walipoondoka mama aliniuliza huku akikunja khanga, bila kunitazama.

"Ulilifua ili wasilikalie?"

Nikasema ndiyo.

"Miaka yote hii nikipiga magoti hapa nilikuwa nawaza kapeti. Nikasema siku moja bibi yule apige magoti pazuri kwangu." Akakunja khanga ya mwisho. "Sasa hata mimi naliogopa."

Angenigombeza ningepona mapema.

Zulia lilichukua siku tatu kukauka. Jumamosi iliyofuata zamu ilikuwa ya yule bibi mwenyewe. Nyumba yake ni ya udongo uliosiribwa, sakafu na kuta. Nilijua hilo, na nilijua udongo mwekundu unavyoingia kwenye nyuzi. Niliamka kabla ya mama, nikaviringisha zulia, nikalibeba begani. Bibi alifungua mlango, akanitazama, akalitazama zulia.

"Leo halikuoga?"

"Leo hapana, bibi. Limekuja kusali."

Alikataa kwanza, akasema nyumba yake italichafua. Nilimwomba. Mwishowe akatoa turubai analoanikia ulezi, tukalitandika chini, zulia juu yake. Mama alipofika mlangoni na kulikuta pale alisimama kidogo, akavua viatu. Hakufuta miguu. Akaenda moja kwa moja katikati, akampisha bibi nafasi ubavuni pake, wakapiga magoti pamoja.

Nisidanganye kwamba nilitulia. Mtoto mmoja alikuwa na kipande cha kiazi, na nilimfuata kwa macho hadi mwisho wa sala. Waliposimama, magoti yao yalikuwa yameacha alama kwenye manyoya ya zulia, mashimo mawili mawili, na vidole viliniwasha, nikitamani kuyachana yanyooke.

Tulilikung'uta mimi na mama nje ya nyumba ya bibi, kila mtu upande wake. Vumbi jekundu lilitujaa nyweleni. Punje za ulezi hazikutoka zote. Hadi leo nikilipiga brashi nyumbani hutokea punje moja, nami huidondosha kwenye lile kopo la siagi, juu ya manyoya ya wiki ya kwanza. Mama akinikuta hapo hupita katikati, kikombe cha chai mkononi, na mimi husogeza brashi kumpisha.