Mkuki Hubaki Nje

Katika nchi hii raia wa kawaida haruhusiwi kutembea mjini na bastola kiunoni. Wakili haruhusiwi, tajiri haruhusiwi, na hata yule jirani yangu wa hapa Scarborough, Toronto, mwenye misuli na mbwa wawili wakali haruhusiwi. Ruhusa hiyo wanapewa watu wachache sana, na mmoja wao nilikuwa mimi, mwalimu wa jiografia kutoka Singida, mtu ambaye panya akikatiza jikoni napanda juu ya kiti.

Sikuitafuta bastola, yenyewe ndiyo iliyonitafuta. Niliomba kazi ya kufundisha, nikaambiwa vyeti vyangu ni vizuri ila havitambuliki. Niliomba kazi ya ukarani, nikaambiwa sina uzoefu wa hapa Toronto. Kisha kampuni moja ya magari ya kusafirisha fedha ikaniangalia, ikaniona nina uso wa mtu mwaminifu, ikanipeleka kozi ya kulenga shabaha. Nikafaulu vizuri tu. Kwa hiyo ikaonekana ni hatari kuniachia watoto niwafundishe mito na milima, lakini kuniachia risasi hakuna shida. Nilisaini nikaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenzangu, Mkongomani wa Bukavu, aliendesha gari la chuma, nami nilishuka kuchukua na kupeleka mifuko ya fedha benki na madukani. Nilivaa sare, fulana ya kuzuia risasi na mkanda wenye bastola. Wakati wa baridi jaketi liliifunika nikisimama, lakini nikikaa lilipanda juu na kitako cha bastola kikachungulia. Kampuni ilikuwa na kanuni moja isiyo na mjadala: kuanzia asubuhi ninapoichukua bastola bohari mpaka jioni ninapoirudisha, haitoki kiunoni kwangu. Haikabidhiwi mtu, haiwekwi kabatini, haiachwi garini. Hata msalani nilikwenda nayo.

Tatizo likawa chakula cha mchana. Gari halikuruhusiwa kubaki bila mtu, kwa hiyo tulikula kwa zamu. Mwenzangu alikuwa na mke, na mke alikuwa na mkono mzuri, basi yeye alifungua bakuli lake hapo hapo kwenye usukani akala akisikiliza rumba. Mimi familia yangu ilikuwa bado Singida ikisubiri karatasi za uhamiaji, na chumba nilichopanga kilikuwa chini ya nyumba ya watu, dirisha lake liko usawa wa viatu vya wapita njia. Ukiondoa maneno mawili matatu na mwenzangu, Kiswahili changu kilikuwa kimebaki cha simu. Nilichotaka kilikuwa kidogo: kukaa mezani mara moja kwa siku, kama mtu, na mwingine akae upande wa pili.

Migahawa haikuona hivyo. Meneja wa duka moja la kahawa alikuja mezani kwangu akitabasamu mpaka nikadhani nimeshinda bahati nasibu. Aliniambia wanajali sana usalama na utulivu wa kila mteja. Nikamwambia nami ni mteja, na utulivu wangu je? Akaomba radhi, akaomba radhi tena kwa kuniomba radhi, halafu akaniletea kahawa ya bure katika kikombe chenye kifuniko, yaani cha kwenda nacho. Mwenye duka la tambi, Mchina mzee asiyependa maneno mengi, alifanya vizuri zaidi: akiniona tu mlangoni anaanza kufunga chakula kwenye boksi kabla sijaagiza. Sikuwahi kujua nimeagiza nini.

Kwetu askari wa benki mwenye bunduki kuukuu hupewa kiti kivulini na chai ya bure, na watoto humpigia saluti. Hapa mimi nilikuwa na bastola mpya yenye kibali na sikuweza kupata kiti. Sikuwalaumu sana. Kukataliwa kwa Kiingereza nilikuwa nimekuzoea, kunapita kama upepo.

Halafu kampuni ikatubadilishia njia, tukawa tunapita mtaa wa Agincourt. Pale kuna safu ya maduka, na ukuta kwa ukuta na benki tuliyoihudumia kulikuwa na mgahawa mdogo. Siku ya kwanza nilipita mlangoni nikiwa na mfuko mkononi, nikanusa maharage ya nazi. Nilikabidhi mfuko, nikamwambia mwenzangu zamu ni yangu, nikarudi karibu nikimbie.

Ndani walikuwapo wazee wawili watatu na mama mmoja na mtoto wake. Wanazungumza Kiswahili! Nilikaa, jaketi likapanda. Mazungumzo yakakatika. Mtoto akateleza chini ya meza, na mzee mmoja akainua mikono juu, nadhani kwa utani, ila hakuishusha haraka. Mhudumu, binti wa Kikenya anayesoma chuo, akaja bila menyu.

"Sasa buda, hapa huwezi keti na hiyo kitu," akanong'ona. "Watu wanaogopa."

"Ni ya kazi, dada. Nina kibali."

"Kibali ni ya kubeba pesa. Si ya kula wali."

 Hapo mwenye mgahawa akatoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa Mgoa, mama wa miaka sabini na kitu, mdogo wa umbo, na msalaba mdogo shingoni. Wote walimwita Anti. Nikasimama nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Singida."

"Singida!" Uso wake ukafunguka wote. "Mimi nimezaliwa Manyoni. Baba alikuwa karani wa reli pale, na mama alioka mikate akiuzia watu barazani. Karibu, karibu sana nyumbani." Kisha macho yake yakashuka kiunoni kwangu. "Lakini hiyo tuiweke pembeni kwanza, ndiyo ule."

Nikamweleza kwamba haiwekwi pembeni. Hakunielewa, au hakutaka. Alinishika mkono akanipeleka jikoni, akafungua tanuri, akanionyesha kwamba ni jipya, ni baridi, na siku hiyo haoki kitu. Niiweke humo, afunge mlango, binti asimame hapo hapo kuilinda mpaka nimalize kula. Alisema Wamang'ati, wafugaji wa kule, walipokuja kununua mkate kwa mama yake walichomeka mikuki yao nje chini ya dirisha, yote imepangwa safi, na hakuna mkuki uliowahi kupotea. Mgeni haingii na silaha kwa mtu anayemlisha.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Mimi ni mtu wa kule, babu yangu alifanya hivyo hivyo. Lakini nikawaza nimsimulie bosi wangu kwamba bastola ya kampuni iko ndani ya tanuri huko Agincourt, chini ya ulinzi wa mwanafunzi wa chuo.

"Siwezi, mama. Hairuhusiwi kuguswa na mtu mwingine."

Akafunga tanuri. "Kwa hiyo hapa ndani mwizi ni mimi?"

"Hapana, mama, sikusema hivyo."

"Basi nenda, mwanangu. Siku ukiwa huna, njoo."

Siku nisiyokuwa nayo ilikuwa Jumapili, na Jumapili yeye alifunga akaenda kanisani. Siku nyingine alifunga saa kumi jioni, mimi saa hizo bado niko barabarani na mifuko ya watu. Nilirudi garini nikala mkate wenye jibini baridi. Mwenzangu aliniuliza kimenipata nini, nikamwambia aendeshe tu. Niliumia, nasema kweli. Kwa Wazungu nilikuwa tishio, sawa, hawanijui. Lakini kule nilikuwa nimekosa adabu, kwa lugha yangu, mbele ya mama ambaye angeweza kuwa wa kwetu.

Wiki mbili nilipita mlango ule nikiangalia mbele kama farasi wa mkokoteni. Harufu sikuweza kuikwepa.

Kisha siku moja ya Desemba, mwenzangu amekwisha kuegesha, tukasikia mtu anagonga ubavu wa gari. Sasa gari la fedha haligongwi. Mwenzangu alitupa kijiko, mimi nikashika kiunoni, mara ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wangu. Kupitia kioo kinene nikamwona yule binti wa Kikenya, amejikunyata ndani ya sweta, anatetemeka.

"Anti anakuita!" alipiga kelele. "Na ukam haraka, chakula inapoa!"

Nikashuka. Nje ya mgahawa, pale chini ya ukingo wa paa ambapo theluji ilikuwa imefagiliwa, kulikuwa na meza ya plastiki imetandikwa kitambaa chenye maua. Juu yake sahani mbili zinatoa moshi, maharage ya nazi, wali, mchicha, na chupa ya chai. Viti viwili. Kwenye kimoja alikaa Anti, amevaa koti refu, skafu mbili, na kofia yake ya kanisani.

"Kaa," alisema.

"Mama, utaugua."

"Kaa, wali unapoa. Nimekumbuka kitu." Alinipakulia kabla hajaendelea. "Wako Wamang'ati waliokuwa na visasi, hawawezi kuachia mikuki yao hata dakika. Mama hakuwafukuza. Aliwapa chakula nje, ngazini. Halafu naye alitoka akakaa nao, sababu mgeni hali peke yake. Mimi nilikukumbusha nusu ya desturi, hii nusu nyingine nikaisahau. Kula."

Nikala. Machozi yakanitoka, na katika baridi ile machozi hayafichiki, yanaganda. Nikamwambia ni pilipili. Akasema pilipili bado iko jikoni.

Ikawa desturi yetu majira yote ya baridi, kila njia yetu ilipopita pale. Wateja walikaa ndani kwenye joto, shati moja moja, wakitutazama kupitia kioo: mtu mwenye bastola na bibi mwenye kofia ya kanisani, wanakula wali kwenye theluji. Yule mzee aliyeinua mikono alizoea kutupungia kijiko. Mwenzangu aliona ni aibu tupu. "Unakulaka inje sawa imbwa, mon cher," alisema, lakini sambusa nilizomletea alikula zote.

Tulizungumza mambo ya kawaida tu: Manyoni, vumbi lake, treni inayochelewa. Wajukuu zake wanaoelewa Kiswahili chake na kumjibu kwa Kiingereza. Mke wangu na watoto, karatasi zimefika wapi. Siku za baridi kali zaidi nilimsihi arudi ndani, akanijibu kwamba yeye hajawahi kumwacha mgeni mezani na hataanzia kwangu. 

Msomaji labda anangoja majambazi waje, nimwokoe Anti, bastola ipate kusafishika. Hawakuja. Kilichokuja ni simu za mkononi. Watu wakaacha kulipa kwa noti, mifuko ikapungua, kampuni ikapunguza magari, na kwenye magari hayo nilikuwamo. Nilirudisha bastola bohari, nikasaini, na sikuikumbuka hata kidogo. Nikapata kazi ya kuendesha basi la shule. Hatimaye wakaniamini na watoto, mradi nisiwafundishe. Na uzuri wa basi la shule ni kwamba mchana wote ni wako.

Mchana wa kwanza tu wa kazi hiyo, mwezi wa Aprili, jua limetoka, nilivaa shati jeupe nikapanda basi mpaka Agincourt. Niliingia kifua mbele. Binti wa Kikenya alinipita bila kunijua, kisha akageuka.

"Ai! Mchuma uko wapi?" akauliza akinitazama kiunoni.

"Nimeacha kazi."

"Poa! Basi keti pahali unataka."

Nilikaa katikati kabisa. Hakuna aliyekatisha mazungumzo, hakuna mtoto aliyekwenda chini ya meza. Nikaletewa menyu, ambayo sikuwahi kuiona, nikaagiza vile vile. Anti alichungulia kutoka jikoni, akafurahi mpaka akapiga makofi, akasema karibu mwanangu, leo umeingia! Halafu akarudi kwenye masufuria yake, kwa kuwa ilikuwa saa ya mchana na wateja walikuwa wengi. Wali ulikuwa ule ule, na ndani kulikuwa na joto. Mbele yangu kulikuwa na kiti kitupu, na mteja mmoja akaniomba kwa adabu kama anaweza kukichukua.

Nikampa. Nikala vijiko vichache nikiwaza hali yangu: nimepandishwa cheo, kutoka mgeni mpaka mteja. Mteja hula, akalipa, akaenda zake. Mama wa watu alikuwa na haki yote, ana biashara. Ila mimi sikuja kwa wali peke yake.

Nikanyanyuka na sahani yangu nikatoka nje. Meza ya plastiki ilikuwa bado pale chini ya paa, haina kitambaa, ina maji ya theluji iliyoyeyuka. Niliifuta kwa mkono wa shati nikakaa, na kiti cha pili nikakivuta mahali pake.

"Kwani nini tena?" binti aliniuliza mlangoni. "Si huna kitu?"

"Sina," nikamwambia. "Mwambie Anti mgeni yuko nje."

Aliingia. Kupitia kioo nikamwona Anti anamsikiliza, anazima jiko, kisha anatazama huku na huku akitafuta kofia yake.