Bastola Katika Mfuko wa Makaratasi

Ipo siku moja ambayo sijawahi kukusimulia, Neema mwanangu, na mama yako naye ameinyamazia miaka yote hii. Tulikubaliana hivyo. Lakini Jumapili ulinipigia simu kutoka Columbus ukaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia viatu, "Papa, bastola gani ni nzuri kwa mtu anayekaa peke yake?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Kufikiri gani! Nilikaa garini nje ya kanisa mpaka mama yako akaja kunigongea kioo.

Umeniambia kuna mtu amekufuata mara mbili kutoka maktaba ya chuo mpaka kwenye ngazi za nyumba unayopanga, na kwamba msichana wa chumba cha chini alivunjiwa mlango mchana kweupe. Nakuamini. Sitakuambia unaogopa bure, wala sitakuhubiria kwamba silaha ni dhambi, maana mimi mwenyewe ninayo. Ila kaa chini unisikilize kwanza. Haya yanakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Tulikuwa na mwaka mmoja na kitu hapa Louisville, tunakaa Beechmont, fleti ya chini karibu na kituo cha basi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, damu bado moto. Wewe ulikuwa na mitano. Siku moja, mimi nikiwa boharini napakia maboksi, mtu alikuja akaupiga mlango wetu mateke matatu, na mama yako amekukumbatia bafuni, mmejifungia. Mlango haukufunguka, akaenda zake. Niliporudi nikaona alama ya kiatu kwenye ubao, nikalia kwa hasira. Unajua watu wenye silaha walivyotuwinda kule milimani kwetu, na babu yako alivyokufa. Nilikuwa nimekimbia mara tatu maishani mwangu mikono mitupu, na nikaapa mbele ya mlango ule kwamba sitakimbia hivyo tena.

Bon, nikaenda duka la silaha. Muuzaji, mtu mpole, akaniuliza kama nimewahi kupiga bastola. Nikasema ndiyo. Uongo mtupu! Nilikuwa nimeziona nyingi, tena kwa karibu kuliko nilivyotaka, lakini sikuwahi kushika hata moja. Akanishauri niende kwanza kwenye uwanja wa shabaha, nikodishe mbili tatu, nijue ipi inakaa vizuri mkononi. Mimi nikaona ananidharau. Nikachagua kubwa kuliko zote, nyeusi, nzito, kwa sababu ilifanana na ile niliyoiona kiunoni mwa kamanda mmoja kule nyumbani, mtu ambaye kijiji kizima kilimwogopa. Hebu fikiria ujinga huo, mwanangu. Nilijinunulia silaha ya mtu niliyemchukia.

Nilipokwisha kuinunua ndipo nikaenda uwanjani, na pale kulikuwa na mwalimu, Bibi Darlene, mwanamke mwenye nywele nyeupe alizozikata fupi kama askari. Aliniangalia nikiishika, akatikisa kichwa. Alisema bastola yangu imenizidi mkono. Kidole changu hakifiki kwenye kifyatulio mpaka nigeuze kiganja, na nikigeuza kiganja risasi itakwenda inakotaka yenyewe. Na kweli, siku ya kwanza nilipiga kila kitu isipokuwa karatasi. Lakini nilikuwa mbishi, nikawa naenda kila Jumamosi. Alinifundisha kwamba mdomo wa bastola usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole kikae pembeni mpaka umeamua. Ujue kuna nini nyuma ya shabaha. Na kila unapoishika, ihesabu kuwa ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe dakika hii. Alinionyesha kutoa kwanza magazini, kile kikasha cha risasi, kisha kuvuta sehemu ya juu nyuma, kisha kuangalia ndani kwa macho na kupapasa kwa kidole. Baada ya miezi mitatu matundu yangu yakaanza kukaribiana. Nikaleta karatasi moja nyumbani nikaibandika kwenye friji. Mama yako akaibandua.

Halafu baridi ikaingia, kazini wakatuongezea saa. Nikaruka Jumamosi moja, nikaruka mbili. Nikajiambia, aa, mkono ukishajua umejua. Miezi minane ikapita sijakanyaga uwanjani, na bado nilikuwa natembea kifua mbele kama mtu mwenye ulinzi nyumbani.

Sasa nikuambie nilikuwa nimeiweka wapi. Wewe ulizaliwa kambi ya wakimbizi lakini sidhani unaukumbuka ule mfuko. Kila familia ya kwetu ilikuwa nao. Ndani yake mna kadi za chanjo, vyeti, picha ya harusi, karatasi za kambi, blanketi la mtoto na pakiti ya biskuti, na unatundikwa nyuma ya mlango. Ukisikia milio, hufikirii. Unanyakua mtoto, unanyakua mfuko, unatoka. Hata hapa Amerika tuliutundika vilevile, nani angetuambia tuache? Mimi nikaifunga bastola kwenye kipande cha kitenge cha mama yako, nikaisokomeza chini kabisa, chini ya blanketi. Nilijiona mjanja: tukikimbia tena, mfuko unakwenda na bastola inakwenda. Mama yako nilimwambia tu kwamba iko mahali salama. Sikufikiria kwamba hapa hatukimbii na mfuko. Hapa tunauchukua siku za ofisi kubwa.

Siku yenyewe ikafika, tumepewa miadi ya alama za vidole kwa ajili ya green card. Aliyetupeleka ni Mzee Semahoro, shemasi wetu, aliyekuwa na gari na moyo wa kusafirisha kanisa zima. Mimi nilikaa mbele naye. Mama yako alikaa nyuma, na wewe kando yake umeupakata mfuko. Ulikuwa unapenda kuubeba, unajiona mkubwa. Njia nzima mimi napiga hadithi za kazini, nacheka. Nilikuwa nimesahau, Neema. Ndilo jambo nililoshindwa kulisema miaka yote hii. Baba yako alikuwa amesahau.

Mzee akaegesha kwenye kiwanja cha ng'ambo ya barabara. Mlangoni mwa ofisi tuliwaona walinzi na ile mashine ya kupitisha mizigo. Akazima gari, akavua kofia. "Bon," akasema, "tutoe makaratasi tuyaombee." Unajua watu wetu, hatuingii ofisi na karatasi ambazo hazijawekewa mikono. Mama yako akageuka kuuchukua mfuko. Wewe ulikuwa umeshafungua zipu, unatafuta biskuti, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko. Ukasema kwa Kiingereza chako cha shule kwamba kuna kitu kizito kimefungwa kwenye nguo ya mama, na ukaanza kukivuta.

Hapo ndipo nikakumbuka. Niligeuka kwenye kiti nikautolea macho mfuko. Mzee alinitazama usoni mara moja tu, akaelewa. Hakupaza sauti.

"Neema, mujukuu wangu," akasema, "acha hiyo kitu. Toa mukono polepole. Eee, vile. Sasa shika mukono ya mama."

Ukautoa. Akamwambia mama yako ashuke nawe, achukue makaratasi ya juu tu, aende kwenye miadi yake, yangu itasubiri. Mama yako alikiona kitenge chake na umbo lililokuwa ndani. Akaniangalia. Jinsi alivyoniangalia siku ile, naomba Mungu asinionyeshe tena. Kisha akakushika mkono mkavuka barabara, na mimi nikawatazama mnaingia mlango ule ule wenye mashine.

Mzee akauliza wapi wanajua mambo ya kitu hiki, nikamwelekeza kwenye uwanja wa shabaha. Mfuko ulikuwa umelala kiti cha nyuma, hakuna aliyeugusa. Njiani akaniuliza, "Masasi iko ndani?"

"Hapana, Mzee. Risasi nilizitoa."

"Unajua, ama unazani?"

"Najua."

Bibi Darlene alikuja mwenyewe mpaka kwenye gari, akaubeba mfuko akiutenga na watu, akauweka kwenye meza inayotazama ukuta wa kuzuia risasi. Akatoa magazini. Ilikuwa tupu. Nikashusha pumzi, nikataka hata kutabasamu. Kisha akavuta ile sehemu ya juu nyuma, na risasi moja ikaruka, ikagonga meza, ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Mzee. Ilikuwa imekaa humo tangu Jumamosi yangu ya mwisho. Nilikuwa nimetoa magazini nikasahau mengine yote.

Mzee aliinama akaiokota, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Baba Neema," akasema, "wale watu walituwinda mpaka kambini na hawakumupata huyu mutoto. Donc weye baba yake ndiye ulitaka kuwamalizia kazi?"

Nililia pale, mwanaume mzima, mbele ya mwalimu wangu. Mzee hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akasema, "Ulijifunza kupiga miezi tatu, ukajiona umefika. Ukiwa nayo, hauna ruhusa ya kuisahau hata siku moja. Kama hauwezi, irudishe leo." Akatoka kuningoja garini.

Angalia nilivyokuwa karibu kuwapoteza nyote wawili. Kama si ile desturi yetu ya kuombea karatasi, ama wewe ungekifungua kile kitenge, ama mlinzi angekiona kwenye mashine na mama yako angefungwa pingu kwa kitu asichokijua. Sijui hata sasa lipi lingenimaliza haraka.

Bastola ile sikurudi nayo nyumbani. Nilikaa wiki nyingi bila silaha yoyote, naenda uwanjani kukodisha, Jumamosi moja hii, Jumamosi nyingine ile, mpaka nikapata ndogo ambayo mkono wangu unaimudu bila kujipinda. Nilipojua hivyo ndipo nikanunua, na siku hiyo hiyo nikanunua kisanduku cha chuma chenye kufuli. Mama yako haipendi mpaka leo, lakini anajua iko wapi na anajua kuitoa risasi. Mzee Semahoro sasa anakaa Buffalo kwa binti yake. Kila nikimpigia, kabla ya salamu za watoto, ananiuliza, "Iko wapi sasa hivi?" Na ole wangu nikisita kujibu.

Kwa hiyo swali lako la bastola gani ni nzuri, mwanangu, sina jina la kukupa. Usichague kwa macho wala kwa hasira, wala kwa kumsikiliza mvulana wa darasani anayejifanya mjuzi, wala hata kwa kunisikiliza mimi. Mkono wako si wangu. Nenda uwanjani, mwambie mwalimu ukweli kwamba hujui kitu, vaa miwani na vizuizi vya masikio, ujaribu mpaka upate ile usiyopigana nayo. Ukinunua, uende kila mwezi, kila mwezi nasema, hata wakati wa mitihani. Ukiona huna nafasi ya kwenda, basi huna nafasi ya kuwa nayo. Ifungie. Usiiweke kwenye begi unalobebea vitabu, na chuoni usiipeleke. Sheria ukaiulize huko huko, maana kila jimbo lina yake: mkwe wa Mzee kule Buffalo amehangaikia kibali muda mrefu kwa kitu ambacho mimi hapa nilichukua kwa dakika chache, na huko kwako kuna ya kwao. Na kabla ya yote hayo ubadilishe kitasa, uwaambie walinzi wa chuo juu ya huyo mtu, usitembee peke yako. Mlango mzuri ulishawahi kukuokoa, bastola bado.

Jumamosi nakuja Columbus. Usinunue kitu mpaka nifike. Tutakwenda uwanjani sote wawili, nisimame nyuma yako.

Nisamehe, Neema. Mzazi wa kwetu haombi mtoto msamaha, najua, lakini mimi naomba. Mungu aliyekulinda na ujinga wa baba yako akulinde na ubaya wa watu wengine. Akuzungushie majirani wema. Na kama itabidi uwe na silaha, akujalie uzeeke nayo, uwe na wajukuu, na katika maisha yako yote uwe umetoboa karatasi tu.